Jeki Huinua, Haishikilii: Namna ya Kubadili Gurudumu la Nyuma la Trekta kwa Salama

Kila mwaka mvua za masika zinapokaribia, ngurumo za matrekta husikika katika Kwale, tangu miteremko ya Vilima vya Shimba hata nchi tambarare ya Msambweni, Ramisi na Lunga Lunga. Kazi ambayo wazee waliifanya kwa jembe la mkono juma zima, trekta huimaliza kabla jua halijawa kali. Lakini chombo hiki chenye nguvu nyingi kina siku yake ya udhaifu, nayo ni siku ile tairi la nyuma linapotobolewa na kisiki cha muwa, au na mwiba, au na ncha ya jiwe la matumbawe, likakaa chini kama mfuko mtupu.

Siku hiyo ndiyo siku ya hatari. Watu wengi hudhani kwamba trekta huua linapokwenda tu, ama linapopinduka mtelemkoni. Si hivyo. Trekta lililosimama, mtambo wake umezimwa, laweza kumwua mtu kwa upesi uleule ikiwa limeinuliwa vibaya. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuliinua na kubadili gurudumu lake la nyuma bila ya madhara. Maneno ni mengi, lakini lililo kubwa ni moja, na msomaji akisahau mengine yote asilisahau hili: jeki ni chombo cha kuinulia, si chombo cha kushikilia.

Haraka Inatoka Wapi?

Yafaa kwanza tujue kwa nini kazi hii hufanywa kwa haraka. Zamani matrekta hayakuwa na pancha hata kidogo, kwa sababu magurudumu yake yalikuwa ya chuma kitupu chenye meno. Ni katika mwaka 1932 huko Marekani kampuni ya Allis-Chalmers ilipoanza kuuza matrekta yenye matairi ya upepo, na baada ya miaka michache wakulima karibu wote wakayapenda, kwa kuwa yalikwenda upesi, yaliweza kupita barabarani, na hayakumtikisa dereva mifupa. Faida hizo zilikuja na deni lake, nalo ni pancha.

Katika pwani ya kusini deni hilo limelipwa sana katika mashamba ya miwa. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilianzishwa mwaka 1927, kikafungwa mwaka 1988, na katika karne hii ya 21 mashamba ya miwa yakapandwa upya katika nchi ile. Muwa uliokatwa haungoji. Kila saa inayopita baada ya kukatwa, sukari iliyomo hupungua, na yapasa usagwe katika siku moja au mbili. Basi trekta likikwama na tela lililojaa miwa, mwenye shamba huona fedha zake zikiyeyuka juani, na msimamizi humpigia dereva kelele. Vivyo hivyo mkulima mdogo aliyekodi trekta kwa siku moja tu huona siku yake inapita na mawingu yanakusanyika. Hapo ndipo mtu husema, “Tia jeki upesi, tuondoke.” Neno hilo limewatia wengi katika msiba.

Trekta Si Motokaa

Dereva aliyezoea kubadili gurudumu la motokaa asidhani kwamba amekwisha jua habari za trekta. Ziko tofauti nne, na kila moja ina hatari yake.

Kwanza, uzito. Hata trekta dogo la miaka ya 1950, kama lile la kijivu la Ferguson lililotengenezwa mjini Coventry, Uingereza, tangu 1946 hata 1956, lilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Mengi ya leo ni mazito kuliko hilo. Tena sehemu kubwa ya uzito huo, yaani kama sehemu sita katika kumi, hukaa juu ya magurudumu ya nyuma.

Pili, ekseli ya mbele. Katika matrekta mengi ekseli hiyo haikufungwa imara pande mbili, bali imeshikwa katikati kwa pini moja, kama mti wa mizani, ili magurudumu ya mbele yapande na kushuka matuta bila ya kuupindisha mwili wa trekta. Kwa hiyo trekta kwa kweli husimama juu ya mahali patatu: magurudumu mawili ya nyuma, na pini ile ya mbele. Ni kama kigoda chenye miguu mitatu. Ukiondoa mguu mmoja wa kigoda na kuweka badala yake kijiti chembamba, unajua mwenyewe kitakachotokea mtu akikiegemea.

Tatu, difu. Ndani ya ekseli ya nyuma mna meno ya difu, ambayo kazi yake ni kuruhusu gurudumu moja lizunguke upesi kuliko jenzake wakati wa kupinda kona. Magurudumu yote mawili yakiwa chini, gia iliyotiwa husaidia kulizuia trekta. Lakini gurudumu moja likiwa hewani, lile lililobaki chini laweza kuzunguka kwenda mbele, na lile la hewani likazunguka kwenda nyuma, na gia isizuie kitu. Mtu akitegemea gia peke yake, trekta laweza kutambaa na kuanguka kutoka juu ya jeki, na wote wakastaajabu, maana “gia ilikuwa ndani.”

Nne, maji. Wakulima wengi hutia maji ndani ya matairi ya nyuma ili trekta liwe zito na lisiteleze. Tairi la kadiri, la kipimo cha 12.4-28, likijazwa maji robo tatu huchukua kama lita 150, nazo ni kilo 150, mbali na uzito wa tairi lenyewe na chuma chake. Gurudumu zima la namna hiyo hupita kilo 200. Likimwangukia mtu, hawezi kulisukuma peke yake.

Kabla ya Kuinua

Chagua mahali. Ikiwa trekta laweza kwenda hatua chache pole pole, liondoe mtelemkoni na kulipeleka mahali tambarare pa udongo mgumu. Kuharibu tairi ni hasara ndogo kuliko kuharibu mtu. Karibu na bahari, kama katika Diani, ardhi ni mchanga, na mchanga humeza jeki. Katika mabonde, udongo mweusi baada ya mvua nao ni vivyo hivyo. Mahali pa namna hiyo hapana budi kutandika kwanza ubao mpana na mnene, kisha jeki iwekwe juu yake katikati.

Shusha chini jembe au chombo chochote kilichoinuliwa nyuma, na kukifungua. Fungua tela pia, lakini kabla ya kulifungua tia mawe au kabari katika magurudumu yake, lisije likaondoka peke yake. Zima mtambo, toa ufunguo, uutie mfukoni mwako. Kanyaga breki za kulia na za kushoto pamoja, kisha uzifunge kwa kizuizi chake. Wafukuze watoto. Watoto hupenda sana kutazama kazi za magari, na trekta likianguka halichagui.

Sasa tia kabari. Tuseme gurudumu lililoharibika ni la kushoto nyuma. Basi gurudumu la kulia nyuma litiwe kabari mbele na nyuma, na magurudumu ya mbele yote mawili yatiwe vivyo hivyo. Kabari ziwe za mti mgumu, kubwa, zenye kukamata vizuri chini ya tairi. Jiwe la mviringo si kabari.

Baada ya hayo izuie ile ekseli ya mbele isicheze. Chonga kabari mbili za mti mgumu, uzigonge baina ya ekseli na mwili wa trekta, moja upande wa kulia na moja upande wa kushoto wa pini. Jambo hili dogo hufanywa na watu wachache, nalo ndilo linalozuia trekta kulala upande linapoinuliwa. Ni dakika tano za kazi.

Mwisho, legeza nati za gurudumu wakati tairi lingali chini, kila moja kama nusu mzunguko tu, usizitoe. Nati za trekta hukazwa kwa nguvu nyingi na kutu huzishika. Mtu akingoja mpaka trekta liko juu, kisha akaning'inia juu ya spana kwa uzito wake wote, huusukuma mwili wa trekta utoke katika jeki. Hii ni sababu moja kubwa ya ajali.

Kuinua na Kutegemeza

Tumia jeki yenye nguvu ya kutosha. Ya tani tano yafaa kwa matrekta mengi ya shamba dogo. Jeki ndogo ya motokaa haifai. Iweke chini ya nyumba ya ekseli ya nyuma, karibu na gurudumu linalotolewa, mahali palipo imara na panapokaa sawasawa juu ya kichwa cha jeki. Usiiweke chini ya chuma cha kuvutia tela, wala chini ya sanduku la mafuta. Isimame wima kama mnazi, isilale upande. Chuma kwa chuma huteleza, kwa hiyo tia kipande chembamba cha ubao mgumu baina ya jeki na ekseli.

Pandisha pole pole, na kila mara simama utazame. Jeki imezama? Imeinama? Kabari zimesogea? Ukiona dalili yoyote, shusha, uanze tena. Pandisha hata tairi liachane na ardhi kwa kadiri ya vidole viwili tu. Kuzidisha ni kutafuta hatari bila ya faida.

Sasa tumefika penye neno letu kuu. Jeki ya mafuta husimama kwa sababu mafuta yamefungiwa ndani yake na pete ya mpira na vali ndogo sana. Pete ikichakaa, au chembe moja ya mchanga ikiingia katika vali, mafuta hurudi na jeki hushuka, pengine pole pole, pengine kwa ghafula. Katika pwani yetu mchanga ni mwingi, na hewa ya chumvi hula chuma cha jeki kwa kutu hata pete ikakwaruzika. Jeki iliyofanya kazi vizuri jana haikukuahidi kitu leo.

Kwa hiyo, mara tu gurudumu linapoinuka, weka tegemeo chini ya ekseli: stendi ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, au magogo mapana ya mti mgumu yaliyochongwa pande nne, yakapangwa mawili hivi na mawili hivi, kama mtu anayejenga kibanda. Mataruma ya zamani ya reli hufaa sana. Kisha legeza jeki kidogo mpaka uzito wote ukae juu ya tegemeo, jeki ibaki pale pale kama mlinzi wa pili.

Viko vitu ambavyo watu wa pwani huviona kila siku na kuvitumia kwa kazi hii, navyo havifai. Tofali la saruji na jiwe la matumbawe huonekana imara, lakini likilemewa mahali pamoja hupasuka ghafula bila ya kuonya. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini ni ya mviringo, huzunguka. Shina la mnazi ni laini, hubonyea. Usivitumie.

Trekta likisha kaa juu ya tegemeo, simama mbali, ulisukume kwa mkono kwa nguvu ya kadiri. Likitikisika, bado halijawa tayari. Hata likiwa imara, mtu asilale chini yake, wala asitie mkono au mguu baina ya tairi na bamba la matope.

Ikiwa huna jeki ya kutosha na udongo ni mgumu, iko njia nyingine. Panga magogo chini ya ekseli mpaka yaikamate barabara, kisha uchimbe udongo chini ya tairi pole pole mpaka lining'inie. Magogo yakae mbali na ukingo wa shimo, na kabari zote tulizotaja ziwepo. Njia hii haifai kamwe katika mchanga wala katika udongo uliolowa.

Kutoa Gurudumu na Kulirudisha

Ikiwa tairi lina maji, ni heri kuyatoa kwanza. Kabla ya kuinua trekta, lisogeze mpaka vali ije chini, kisha utoe moyo wa vali, nawe ukisimama kando, si mbele yake, maana maji na upepo hutoka kwa nguvu. Maji ya mtoni au ya kisima yatosha kulijaza tena. Katika nchi za baridi hutiwa chumvi maalumu yasigande, lakini Kwale hakuna haja hiyo. Maji ya bahari yasitumiwe, kwani hula chuma cha gurudumu.

Toa nati zote isipokuwa ya juu, ambayo hutolewa mwisho. Watu wawili au watatu walishike gurudumu, likae wima, walibingirishe. Lisiegemezwe tu juu ya mti au ukuta, bali lilazwe chini pole pole, watu wote wakiwa upande mmoja. Likianza kuanguka, mwachie, ruka kando. Hakuna aliyeweza kulishinda kwa mabega.

Fundi akisha ziba mpira wa ndani, apitishe mkono uliovikwa kitambaa kizito ndani ya tairi atafute mwiba au msumari uliobaki, kwani pancha nyingi za pili ni za msumari wa kwanza. Tairi likipakwa maji ya sabuni hukaa upesi katika chuma chake. Wakati wa kutia upepo, tumia bomba refu na usimame upande wa meno ya tairi, si mbele ya ubavu wake. Upepo wa kulikalisha tairi usipite ratili 35 kwa inchi ya mraba. Likikataa, toa upepo, upake sabuni tena. Kisha upunguzwe ufikie kipimo cha kazi, ambacho kwa matairi mengi ya nyuma ni baina ya ratili 12 na 16. Tena chuma cha gurudumu kisichomelewe kamwe kwa moto tairi likiwa juu yake, hata kama halina upepo, maana joto hulipasua kama baruti.

Gurudumu likirudishwa, kaza nati kwa mkono kwanza, kisha kwa spana kwa mtindo wa msalaba, si kwa kuzunguka duara. Nyanyua trekta kidogo kwa jeki, toa tegemeo, shusha mpaka chini, ndipo ukaze kwa nguvu zote. Kabla ya kuondoka toa zile kabari za ekseli ya mbele, kwani trekta likienda nazo laweza kupinduka kwenye tuta la kwanza. Baada ya saa moja ya kazi kaza nati tena, na kila asubuhi kwa siku chache.

Haki ya Mfanyakazi na Wajibu wa Mwenye Trekta

Stendi mbili za chuma na magogo machache si gharama kubwa kwa mtu aliyeweza kununua trekta. Kwa Kenya nzima, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri aweke vyombo na njia za kazi zilizo salama, na humtaka mfanyakazi naye amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Basi dereva anayesema, “Bwana, siwezi kuingia chini mpaka tupate tegemeo,” si mvivu wala mkaidi. Anafanya lile ambalo sheria imemwagiza.

Na ikitokea ajali, mtu akabanwa, asivutwe kwa nguvu. Walio salama waweke kabari kwanza, kisha waliinue trekta kidogo kidogo, wakitia gogo kila linapopanda, ili lisirudi likambana mara ya pili. Wakati huohuo mmoja atafute gari la kumpeleka hospitali, iwe ya Msambweni au ya Kwale, hata kama mtu mwenyewe asema hana neno. Aliyebanwa huweza kuumia ndani pasipo kuonekana damu.

Wazee wamesema kwamba haraka haraka haina baraka. Kabari, magogo na kungoja havizidi nusu saa. Miwa ya tela moja ikikauka, hasara yake huhesabiwa kwa shilingi, na msimu ujao huirudisha. Lakini baba wa watoto akibaki chini ya ekseli, hakuna msimu utakaomrudisha. Trekta na lingoje, na mtu arudi nyumbani jioni.